Bondo la Samaki wa Kwanza

Filimbi ya kwaya ilifika kwa Antoni na ugonjwa mmoja tu: kifuniko cha tundu la mwisho kilivujisha pumzi. Antoni, aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo kilipouzwa, sasa alitengeneza chochote kilicholetwa mlangoni kwake Igogo, cherehani, redio, kufuli. Alikuta kipande cha ngozi chini ya kifuniko kimeoza. Akakata bondo la sangara, ule mfuko wa hewa wa samaki ambao wanunuzi wanaugombania soko la Mwaloni, akalibandika pale, akajiona fundi.

Asubuhi Tereza, mkewe, akasikia filimbi inakohoa ndani ya boksi lake.

"Hilo bondo umenunua kwa nani?"

"Kanipa Mayala, yule mvuvi. Bure."

"Mayala hajawahi kumpa mtu hata mkia. Akupe bondo?"

Antoni akacheka, akabonyeza kifuniko, akapuliza. Sauti ikatoka safi. Alipoinua kidole, sauti haikukatika; aliyekatika ni yeye. Macho yakamtoka, kifua kikabonyea, na pumzi yake yote ikawa inatokea kwenye lile tundu, inanuka tope la ziwa, mpaka Tereza akamkamata kidole na kukigandamiza palepale.

"Usiniache," Antoni akanong'ona.

"Shikilia, na huo ufundi wako."

Tereza akatoka mbio, akamleta Mayala kutoka Kirumba, amemshika shati.

"Pale jiweni tunapovulia pana jini, mama," Mayala akasema chinichini. "Samaki wa kwanza hurudishwa. Mimi nilimuuza. Bondo nikaogopa kuliuza."

"Ukampa mume wangu."

"Hakuuliza. Lirudi majini leo. Ila tundu lisibaki wazi."

Basi Antoni akakiachia kifuniko kidogo kidogo, na Tereza akapenyeza kidole chake cha kulia, akaziba tundu, na wakati Mayala anakwangua bondo kwa kisu yeye akasikia chini ya kidole kitu kinavuta na kusukuma, kinavuta na kusukuma, baridi kama maji ya chini kabisa, kikimlamba ncha ya kidole kama ndama anayetafuta chuchu.

Jioni Mayala akarudi amelowa mpaka kifuani.

"Limepokelewa. Mkono ulitoka majini."

Antoni akasimama, akajinyoosha, akavuta hewa mara tatu.

"Nitoe kidole sasa?" Tereza akauliza.

Antoni akajisikiliza kifuani. Akatazama kidole cha mkewe.

"Subiri kidogo, mama."

Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Mvua zimekuja, zimekwisha, kwaya imepata filimbi nyingine. Ugali wa nyumba ile anasonga Antoni, una madonge, na Tereza anaula kwa mkono wa kushoto, filimbi mapajani. Halalamiki. Siku ugali ukiwa mbichi kabisa, anakilegeza kidole kidogo tu, na huko jikoni mwiko unaanguka.