Aliyevua Kitulizi

Vipepea viwili, ndege zisizo na rubani, vilikuwa vinaelekeana juu ya vilima vya mawe vya Mwanza, kimoja kimebeba damu ya hospitali, kingine mabati. Ndani ya mnara wa kuongozea anga, Tumsifu alianza kutetemeka. Kitulizi kikamgundua kabla mwenyewe hajajijua. Kidude hicho, chembamba kama ganda la mbegu ya boga, kilibandikwa kisogoni mwa kila mwongozaji. Kilipohisi hofu, hasira, uchovu au maumivu, kilituma mkondo hafifu ubongoni, na kufumba na kufumbua moyo ulikuwa shwari. Tumsifu akatabasamu. Akakiinua kipepea kimoja, akakishusha kingine, akaendelea na kazi.

Hivyo ndivyo uongozi ulivyofuta mapumziko. Ya nini mtu apumzike, na utulivu anaupata papo hapo kitini?

Lakini kwenye kiti cha pembeni, Nyamizi, mwongozaji mwenzake, alikuwa amefumba macho, na kitulizi chake kiko mezani.

Alianza hayo baada ya kumzika mama yake. Siku ile alisimama kaburini mkavu kama jiwe, ndugu wakimtazama. Kila uchungu ulipompanda kooni, kitulizi kiliuzima. Baadaye alimwendea mama yake mdogo, Mbuke, mkunga mstaafu, akamwuliza aliiwezaje kazi ile ya mbiombio bila kidude chochote.

"Nilikuwa nasimama mlangoni, mwanangu," Mbuke alimjibu. "Huyu kajifungua, yule anapiga kelele. Nasimama, navuta pumzi, naisikiliza inavyoingia na kutoka. Basi, naendelea. Woga nilikuwa nao, ila tulikuwa tunajuana."

Tangu hapo, kila anga ilipompa upenyo kati ya safari na safari, Nyamizi alikivua kitulizi, akafumba macho, akapumua. Mara ya kwanza machozi ya kumlilia mama yake yalimtoka hapo hapo kazini. Hakuyafuta.

"Nyamizi!" Ilikuwa sauti ya Kihwelo, msimamizi wa zamu. "Anga imejaa, wewe unasinzia?"

"Sisinzii, bosi. Natulia."

"Si ndiyo kazi ya kitulizi?"

"Kitulizi kinanizima. Mimi nataka kutulia huku najisikia."

"Vaa, au utoke."

Nyamizi aligeuka amjibu, ndipo macho yake yalipomwangukia Tumsifu. Alikuwa bado anatabasamu. Shati limelowa jasho chapachapa na chumba ni baridi, midomo imekuwa rangi ya jivu, na mkono wake wa kushoto umekikamata kifua kama mkono wa mtu mwingine.

"Tumsifu, unaumwa?"

"Mimi? Niko shwari kabisa."

Nyamizi hakumwuliza tena. Alinyoosha mkono akabonyeza amri ya kutuliza anga, ambayo ni wakurugenzi tu walioruhusiwa kuitoa. Vipepea vyote vikaanza kutafuta viwanja vya karibu, isipokuwa kile cha damu, alichokiachia njia.

"Una wazimu?" Kihwelo alifoka. "Umeusimamisha mji mzima!"

"Na usimame!"

Akakibandua kitulizi kisogoni mwa Tumsifu. Maumivu yote yaliyokuwa yamezimwa yakamfikia kwa pamoja. Tumsifu alipiga ukelele, akaanguka mikononi mwake.

Hospitalini daktari alisema moyo ule ulikuwa umelalamika siku nyingi, ila mwenyewe hakuwa akipelekewa habari. Wakauwahi. Tumsifu alipozinduka, aliikodolea dari macho, kisha akaanza kulia.

"Kifua kinakuuma?" Nyamizi akamwuliza.

"Ndeshi," alisema. "Nyamizi, Ndeshi wangu amekufa."

Mkewe alikuwa amefariki mwaka juzi. Kesho yake baada ya maziko Tumsifu alirudi mnarani akitabasamu, na wote walimsifu kwa uvumilivu. Sasa alilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba dakika hiyo. Nyamizi alimshika mkono.

Keshoye wakurugenzi walimwita. Mkuu wao alimsogezea kitulizi kipya juu ya meza. "Tumekusamehe. Vaa, urudi kazini."

"Nipeni nafasi kidogo."

Akafumba macho mbele yao. Hasira ilikuwepo. Hofu ya kukosa kazi nayo ilikuwepo. Aliziacha zikae, akapumua, akafumbua macho.

"Mwenzangu amemlilia mkewe jana kwa mara ya kwanza," alisema. "Hicho sivai. Na kazini narudi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa ya mtu."

Alipanda mnarani. Kihwelo alisimama mlangoni kumzuia, akamtazama usoni, kisha taratibu akampisha. Nyamizi akakaa kwenye kiti cha Tumsifu, maana vipepea vyake havikuwa na mtu. Kimoja kilikuwa tayari kinaita, kikiomba njia.

"Subiri," Nyamizi alikiambia, akavuta pumzi.