Chupa Iliyorudi Tupu

Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilimjazia binti yangu chupa ya maji ya shule. Alikuwa ametolewa jiwe lililoziba njia ya mkojo, na daktari akamwachia ndani kijibomba laini, kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, mkojo upite mpaka njia ipone.

"Utakojoa mara kwa mara, pengine na damu kidogo," daktari alimwambia. "Hiyo isikutishe, kunywa maji mengi. Ila ukipata homa, sema upesi."

Jioni chupa ilirudi tupu, nami nikashukuru Mungu.

Siku moja nilimkuta amejikunyata juu ya vipande vyangu vya vitambaa, meno yanagongana.

"Una nini, mwanangu?"

"Baridi tu, mama."

"Baridi gani na jua lote hili?" Nikamgusa. Anawaka kama pasi!

"Na ubavu unauma, tangu juzi. Usiseme, mama, watanirudisha upasuaji."

Nikamwacha mteja na gauni la mkono mmoja, nikambeba mgongoni, msichana mkubwa vile. Tulipofika hospitali miguu ilikuwa yangu kwa jina tu.

Picha ilionyesha kijibomba kimeanza kuziba kwa chembe ngumu kama chumvi. Mkojo ulirudi nyuma, na vijidudu vikashambulia figo.

"Maji anakunywa?" muuguzi akauliza.

"Anamaliza chupa nzima!" nikajibu kwa kujigamba.

Binti yangu akaangua kilio. "Nayamwagia maua ya shule. Nikiomba ruhusa ya kwenda chooni wenzangu wananiita Mfereji. Wanasema, 'Mwalimu, mfungulie kabla hatujaogelea!'"

Madaktari wakamtundikia dripu ya dawa, kisha wakambadilishia kijibomba. Nilikaa kwenye benchi la nje, nimechoka hata dua zikaniishia.

Homa ilipopoa, muuguzi alimpa bilauri ya maji. Akaahidi kumpigia simu mwalimu ili binti yangu aketishwe karibu na mlango, atoke bila kuomba.

"Tukikutoa kijibomba hiki kwa tarehe yake, utasahau kama kilikuwemo," alimwambia. "Lakini nisikilize, mwanangu. Ukificha ugonjwa, hata mama yako hawezi kukusaidia. Wenzako wakikucheka, kesho watapata kingine cha kucheka. Figo ikiharibika, hakuna hata mmoja wao atakayekupa yake."

Binti yangu akaishika bilauri kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.