Kisima cha Watu Watano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hata jogoo wa Marsabit hawajakumbuka kazi yao, Konokono alianza kukamua ukungu.

Konokono ni gari. Sawa, ni gari na ni nyumba: magurudumu manane, vitanda viwili, jiko, choo, na ubongo wa mashine unaoendesha kila kitu bila dereva. Aina hiyo watu waliiita gari-nyumba. Lakini kitu chenyewe, kile kilichofanya watoto wa kila mji kuanzia Isiolo wakimbie nyuma yake wakipiga kelele, kilikuwa juu. Paa lilipasuka katikati polepole, mlingoti ukachomoza, tanga likafunguka kubwa kama uwanja wa mpira wa wavu. Lilifumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zenye umeme kidogo. Ukungu wa mlimani ukipita hapo hautoki. Unanaswa, unakuwa tone, tone linateremka kwenye mfereji, mfereji unamwaga kwenye tanki. Lita sitini kila asubuhi, bure, kutoka hewani tu.

Aliyebuni hilo tanga-ukungu alikuwa amesimama nje na blanketi mabegani, mdomo wazi, utadhani si yeye aliyelitengeneza. Injinia Wakesho, miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Wundanyi. Akiwa mdogo huko kwao milima ya Taita, alikuwa anaweka sufuria chini ya bati la nyanya yake, anangoja ukungu udondoke, anahesabu matone mpaka kengele ya shule inalia. Basi. Uvumbuzi wote wa maisha yake ulitoka kwenye sufuria.

"Lita sitini na mbili, Injinia," Konokono akasema kwa ile sauti yake ya adabu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. "Nakukumbusha kwamba mwisho wa kutuma ripoti ya majaribio ya mlimani ni leo saa sita mchana. Ukisema neno 'naafiki', magari mengine mia tatu yataruhusiwa mlimani, kuongezea mia mbili yaliyopo. Pia kiwanda cha tanga kitaanza kujengwa Voi."

"Najua, Konokono. We kunywa maji yako."

Alijua vizuri sana. Voi ni nyumbani, bondeni tu kutoka Wundanyi. Watu mia nane wangepata kazi, na nusu yao tayari walikuwa wanampigia simu wanamwita dada.

Mlango ukafunguka, akatoka baba yake, Mzee Mwakio, na usukani mkononi.

Hapo lazima ielezwe. Mzee Mwakio aliendesha lori kwenye barabara hii ya kaskazini miaka ishirini na sita, enzi za vumbi, enzi za kwenda kwa msafara. Binti yake alipomwalika kwenye safari ya majaribio, siku kumi na mbili kutoka Isiolo kupitia jangwa la Chalbi mpaka Ziwa Turkana, alikubali hapo hapo. Kisha akaona gari halina usukani. Akarudi ndani ya nyumba, akachukua ule wa lori lake la zamani, akaja nao. Siku ya nne sasa alikuwa anakaa kiti cha mbele akiukata kushoto na kulia, na Konokono akiingia kona kwa fujo anamwambia, "Pole pole bwana, utatumwaga."

"Limeshanyonya?" akauliza.

"Limejaa, baba."

"Na lile jiko limepika chapati?"

"Limepika."

"Za mraba tena?"

"Za mraba."

"Mungu atusaidie."

Wakaanza kuteremka upande wa kaskazini. Huko msitu unaisha ghafla, kama mtu aliyekatizwa akiongea. Nyuma yako miti mirefu yenye ndevu za kijani, mbele yako mawe meusi mpaka macho yachoke, na mbali kabisa, chini, kitu cheupe kinachotetemeka. Hiyo ndiyo Chalbi. Wakesho alibandika paji la uso kwenye kioo.

"Baba, haya mawe meusi yametoka wapi?"

"Mimi nilikuwa nayapita tu. Sikuyauliza."

Konokono akaanza kueleza habari za volkano, halafu akanyamaza katikati ya sentensi. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Injinia, nasikia sauti za watu wanne wakiimba. Samahani, watano. Wako chini ya ardhi."

Mzee Mwakio akaacha kukata kona. "Chini ya ardhi wanafanya nini?"

"Simama," Wakesho akasema. Alishavaa viatu.

Lilikuwa shimo pana, na kando yake mbuzi na ngamia wamepanga foleni vizuri kuliko watu wa benki. Ndani ya shimo watu wamesimama kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake. Ndoo ilitoka chini kabisa, ikarushwa, ikadakwa, ikarushwa, na wimbo ndio uliokuwa unaihesabia mikono. Wa juu akaimwaga kwenye hori, akairudisha tupu. Mama mmoja mwembamba mwenye fimbo alikuwa anasimamia zamu. Jina lake Talaso. Kwake hata ngamia alikuwa anangoja.

"Karibuni," akasema. "Mnataka maji?"

"Hapana mama, tunayo," Wakesho akajibu kwa furaha kabisa. "Tena tutawapa!"

Akakimbia akaleta jerikeni ya lita ishirini. Talaso akamimina kidogo kwenye kikombe, akanywa, akalamba midomo.

"Matamu. Mmeyatoa wapi?"

"Kwenye ukungu, mama. Hapo juu mlimani. Gari letu linaunyonya."

Talaso akakiweka kikombe chini. Aliinama juu ya kisima akapaaza sauti kwa Kigabra, na wimbo ukakatika. Wa chini kabisa akaanza kupanda, akiwapita wenzake mmoja mmoja. Alipotokeza alikuwa na tope mpaka masikioni, na mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kalamu nyekundu.

"Mimi ni Mwalimu Galgalo. Hesabu na sayansi. Samahani kwa mavazi."

"Mwalimu?" Mzee Mwakio akamtazama juu mpaka chini. "Leo si Jumanne?"

"Ni Jumanne, mzee. Shule imefungwa. Siku za zamu ya kijiji chetu tunafunga. Siku tatu kila wiki."

"Kwa nini?" Wakesho akauliza.

Mwalimu akapangusa mikono kwenye suruali, bila kusaidia chochote. "Sisi kisima hatukipimi kwa mita, Injinia. Tunakipima kwa watu. Unashusha mmoja chini ya mwingine mpaka wa mwisho ayafikie maji. Hiki tangu babu yangu kilikuwa cha watu watatu. Mwaka juzi mwishoni kikawa cha wanne. Mwaka huu cha watano. Vijana wako mbali na ngamia, na hakuna wa kuongeza. Huyo wa tano ni mimi."

"Labda mvua imepungua," Wakesho akasema haraka.

"Mvua iko vile vile. Naipima na wanafunzi kila siku." Akageuka akaonyesha mlima kwa kidevu. "Mlima ule haunywi mvua peke yake. Ile miti inashika ukungu, inadondosha, udongo unakunywa, na yale maji yanatembea chini kwa chini mpaka hapa..."

Hakuhitaji kumaliza. Wakesho alikuwa anaiona sufuria ya nyanya yake. Alikuwa na uhakika kabisa, siku zote zile, kwamba yale matone hayakuwa yanaelekea popote.

"Konokono," akaita. "Magari yalianza kupanda lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa sita. Tangu hapo yamekusanya lita milioni saba na laki nane, bila tone kupotea."

"Na tusingeyachukua, yangekwenda wapi?"

"Swali hilo sikuwahi kuulizwa, Injinia."

Ni kweli. Maswali yote ya majaribio aliyaandika Wakesho mwenyewe.

"Kwa hivyo mmetuletea zawadi ya maji yetu," Talaso akasema. "Ahsanteni sana. Mimi jirani akiniibia mbuzi, angalau haniletei supu."

Mzee Mwakio akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Mbuzi wa mbele akaanza kulia, na wengine wote wakakubaliana naye.

"Mnangoja nini?" Talaso akagonga fimbo chini. "Mbuzi hawa hawanywi maneno!"

Wakesho akavua viatu. "Mwalimu, darasa la mtihani lina wanafunzi wangapi?"

"Kumi na tisa. Wanafanya wiki tatu kutoka leo."

"Nenda."

"Wewe unajua kurusha ndoo?"

"Sijui. Nenda."

Mwalimu akamwangalia Talaso, Talaso akainua mabega. Kalamu nyekundu ikatokomea mbio mfukoni mwake, kuelekea shuleni. Mzee Mwakio akaulaza usukani wake juu ya jiwe, taratibu kama mtoto aliyelala, akaenda kwenye hori kupokea ndoo za juu.

Wakesho akashuka mpaka chini kabisa, kwenye baridi na harufu ya chuma. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Ndoo ya kwanza Wakesho aliimwaga yote kichwani mwake, na watu wanne juu yake wakaangua kicheko.

"Imba, mgeni!" Talaso akapiga kelele. "Asiyeimba ndiye anayemwaga!"

Hakuujua wimbo wao. Akaanza kuhesabu, kama zamani. Moja. Mbili. Ndoo ya tatu ikadakwa.

"Injinia," sauti ya adabu ikashuka shimoni. "Ni saa sita kasoro dakika mbili. Unaafiki?"

Mikono yake ilisimama kidogo. Aliwaona wale wote wa Voi waliomwita dada. Alijua simu zile zitakavyokuwa kuanzia kesho.

"Siafiki. Na lile tanga lifunge. Waambie wenzako mia mbili wote wafunge."

"Tukifunga, maji hayatatufikisha ziwani."

"Tutaomba zamu kisimani."

"Ripoti inadai kiwango cha hasara. Niandike lita ngapi?"

"Andika watu wawili. Kisima kilikuwa cha watatu, sasa ni cha watano."

"Samahani, kipimo hicho hakimo kwenye orodha yangu."

"Kiongeze, wewe gari!" Mzee Mwakio akafoka kutoka juu, ndoo mkononi, maji yakimchuruzika viwikoni.

Wakesho akainama tena. Nne. Tano. Sita. Alipofika saba, mbali kidogo, upande wa kijijini, mtu akagonga chuma cha kengele ya shule mara tatu. Mabega yake yakashtuka yenyewe, kama ya mtoto anayeitwa. Halafu akakumbuka kwamba hawamwiti yeye, akairusha ya nane.