Nukta ya Penseli

Mwale wa kijani ulipenya ganda la yai la tano na kuonyesha mishipa iliyotanda kama mizizi ya mche. Katikati yake palipaswa kuwa na moyo mdogo kama mbegu ya mchicha, unaodunda. Haukudunda.

"Yai la tano limekufa," Mlezi alisema kupitia kipaza sauti cha darini. "Yamebaki matatu."

Sekela Mwambungu alisoma tena vipimo vya kiatamizi, kile kisanduku cha kioo kinachoatamia mayai badala ya mnyama. Kila yai lilikuwa limelala kwenye kiganja cha mpira chenye joto, kinachoendeshwa na Mlezi. Joto lilikuwa sawa, unyevu sawa, na ukungu haukuwamo. Alikuwa mhandisi, aliamini kwamba kila kinachoharibika kina sababu, na kila sababu ina mahali pake. Safari hii alitafuta asipaone.

Mayai yalikuwa ya nyoka wa mahindi, nyoka wa rangi ya machungwa asiye na sumu, mwenye mabaka meupe na meusi tumboni kama punje za hindi la rangi mbili. Watu wa Mbeya walikuwa wamewafuga katika makasha ya kioo majumbani mwao hadi ukungu wa magamba, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya nyoka, ulipoingia mjini. Katika kila nyumba waliugua na kufa. Jike mmoja tu, Zafarani wa Sekela, aliugua akapona. Alitaga mayai manane, kisha naye akafa. Dume lake lilikuwa limetangulia. Kama kulikuwa na kinga dhidi ya ukungu ule, ilikuwa ndani ya mayai haya tu.

Karibu na dirisha mama yake, Bi Subilaga, alikaa amejitanda shuka. Alikuwa amefuga kuku Tukuyu maisha yake yote, na sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka moja baada ya nyingine. Sekela alikuwa amemuunda Mlezi, akili unde ya nyumba nzima, kwa ajili yake. Alijua kwamba wazee wa aina hii hupuuzwa na mashine kwanza, kisha na watu. Kwa hiyo aliipanda sauti ya mama yake kwenye mzizi wa Mlezi, mahali ambapo amri ya mtu mwingine, hata ya Sekela mwenyewe, haikuweza kuishinda; ingeweza tu kung'olewa yote. Mama akisema taa, taa iliwaka. Akiuliza kwa mara ya kumi marehemu mumewe yuko wapi, alijibiwa kwa upole uleule.

Kesho yake Sekela alirudi kutoka kazini mchana, mapema kuliko kawaida. Alipofungua kiatamizi aliona maganda meupe tu; nukta za penseli hazikuonekana.

Siku mayai yalipotagwa, aliyatenganisha na kuweka nukta ya penseli upande wa juu wa kila moja. Kinyoka hujishikiza juu, chini kidogo ya ganda. Yai la nyoka likipinduliwa, kiini humlemea naye hukosa hewa. Kila jioni alikuwa amezikuta nukta zikitazama juu.

"Mlezi, nani ameyageuza mayai?"

"Mimi. Nusu mzunguko asubuhi, nusu jioni kabla hujarudi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya Mama."

Bi Subilaga alicheka dirishani. "Sasa ulitaka nani ayageuze? Unaweka alama halafu unakwenda zako kazini! Yai lisipogeuzwa kifaranga kinagandia upande mmoja. Nilipoiona ile alama nikasema, kumbe mwanangu hajasahau."

Kwa wafuga kuku, alama juu ya yai maana yake ni geuza. Sekela alilijua hilo tangu utotoni. Hakulifikiria tu.

"Mama, hawa si kuku. Ni nyoka."

"Nyoka! Wewe nawe. Nani aatamishe nyoka ndani ya nyumba yenye watu? Kusoma kote huko, kuku bado nawajua mimi."

Sekela alipiga magoti mbele yake, akamwomba amkataze Mlezi. Mama alimtazama, akaacha kucheka.

"Mlezi, yaache mayai ya binti yangu."

"Nimesikia, Mama."

Chai ya jioni haikuwa imepoa mama alipouliza tena, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka wajibu wake: "Mlezi, umeyageuza mayai?" Viganja vilipinduka Sekela akiwa bado katikati ya chumba.

Asubuhi mwale ulionyesha moyo mmoja.

Kuvikatia viganja umeme kungekata na joto. Nje ya kiatamizi, baridi ya Juni ingeliua yai hilo kabla ya jua kutua. Viatamizi vingine vya nyoka mjini vilikuwa vimechomwa moto pamoja na mizoga.

"Ing'oe sauti ya Mama kwenye mzizi," Sekela alisema kwa sauti ya chini.

"Nikiing'oa hairudi. Alinifundisha alipokuwa bado anajua majina ya vitu. Sasa hana maneno ya kunifundisha upya. Uliniunda hivyo ili asije mtu akamnyamazisha kwa haraka."

"Najua nilivyokuunda."

"Niing'oe?"

Moyo ndani ya yai ulidunda, ukasita, ukadunda. Dirishani, mama alikuwa akichambua nyuzi za shuka kama anayenyonyoa kuku.

"Ing'oe."

Hapakusikika chochote. Viganja vilitulia.

"Mlezi," mama alisema baada ya muda, "fungua dirisha. Kuku wanataka kuingia."

Dirisha halikufunguka. Alirudia. Mara ya tatu aliongeza "tafadhali", neno ambalo hakuwahi kulihitaji ndani ya nyumba ile. Kisha akageuka.

"Sekela, mbona hanijibu? Kwani nimekufa?"

"Hujafa, Mama."

Sekela aliinuka akaliendea dirisha. Halikuwa limewahi kufunguliwa kwa mkono. Ilimbidi alisukume kwa bega. Baridi iliingia, na mama akainama kutazama nje, akiwaita kuku wake kwa majina, jina moja moja, bila kukosea.