Bibi-arusi wa Sinema Bubu

Mchana mweupe, Régina akipepeta mchele, mkono wa mashine ya sinema ulianza kuzunguka wenyewe: tk, tk, tk. Hakuna aliyeushika.

Kwa habari za majini, Maniema nzima hakuna anayenipita, kwa hiyo nisikilizeni mimi. Enzi za Mbelgiji, mume wa Régina, karani Zéphirin wa Kasongo, alikusanya sinema bubu ambazo Wazungu walikuwa wamezichoka: ndoa za matajiri na mafukara, watu wanalia bila sauti. Alizipenda kuliko chakula. Jumapili alifunga madirisha, akaalika majirani, akawasemea watu wa kwenye picha kwa Kiswahili. Jumapili moja tajiri wa kwenye picha alimposa mfuaji nguo. Utamu ukamzidi Zéphirin, akapayuka: "Mimi Zéphirin nakuoa, mashahidi ni hawa!" Watu wakacheka mpaka machozi. Lakini kwetu ndoa ni neno mbele ya mashahidi, na majini wana masikio.

Tangu hapo nyumba ikanuka siki na marashi, na mkono wa mashine ukawa unajizungusha wenyewe.

"Baba Célestine," Régina alimnong'oneza mumewe, "kuko mwanamuke mu nyumba."

"Ni panya, mama."

"Panya anajipaka marashi?"

Wakamwita Bulaimu, mganga wa Kabambare. Akanusa, akarudi nyuma.

"Umeoa jini, bwana. Choma ile sinema mbele ya mashahidi wale wale, useme umemuacha. Usipofanya, atachukua nafasi ya huyu mama."

Zéphirin akachoma, akatamka. Régina akapiga vigelegele.

Kesho yake, akifagia, akakuta kopo la sinema chini ya kitanda. Akavuta ukanda, akauinua dirishani. Mfuaji nguo yuko pale pale.

"Ulichoma nini?"

"Ile ya farasi." Zéphirin hakumtazama. "Mama Célestine, hii iko moja tu duniani. Wanawake wako wengi."

Régina akauinua tena ukanda kwenye mwanga, na picha baada ya picha akaona chumba si cha Ulaya tena bali ni chao, na mkeka wao na meza yao, na anayesukumwa nje ya mlango amevaa kitenge chake yeye mwenyewe, na yule mfuaji amegeuza uso anamcheka, akafungua kinywa apige yowe majirani waje, yowe halikutoka, akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikacheza bure.

Huko jikoni sauti ya Régina ikaita, laini:

"Baba Célestine, chakula iko tayari."

Zéphirin akanawa mikono, akaenda kula.