Ahadi ya Nne

Kila alfajiri, kunguru wa Katugastota wakiwa bado hawajaanza kelele zao, Upeksha alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda cha jikoni akisoma kwa sauti. Kitabu chake kilikuwa cha mwenendo wa makosa ya jinai, kinene kama tofali. Msikilizaji wake alikuwa mmoja tu, Shangazi Kusumalatha, ambaye mkono wake mmoja ulizungusha kikaango cha chila, mikate myembamba ya unga wa mchele aliyoiuza, na mwingine ulipepea moto.

"Mtuhumiwa hatalazimishwa kujibu swali lolote..."

"Afadhali yeye," Shangazi alidakia. "Mimi wateja wananilazimisha kila siku. Mara mbona chila leo ndogo, mara mbona pilipili kali. Haya, endelea."

Upeksha alicheka, akaendelea. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na tangu hapo chila hizo ndizo zilizomlisha na kumsomesha, hadi akafika mwaka wa pili wa sheria katika chuo kikuu huko Kandy. Majirani walikwisha kuanza kumwita "wakili". Yeye alikanusha, lakini kwa tabasamu la mtu anayetaka aitwe tena.

Siku moja Shangazi alikuwa akitoka sokoni. Kijana mmoja akasimamisha pikipiki kando yake, akafunua kioo cha helmeti na kumwuliza njia ya kwenda posta. Alipoinua mkono kumwelekeza, kijana akamnyakua mkufu shingoni, akatia moto pikipiki na kutokomea. Mkufu huo wa dhahabu alivishwa na marehemu mumewe siku ya harusi yao. Shangazi alirudi nyumbani na alama nyekundu shingoni. Hakulia. Alikaa mlangoni akipapasa shingo yake, kana kwamba mkufu ungeweza kujirudisha wenyewe.

"Sura yake uliiona?" Upeksha aliuliza.

"Niliiona, mwanangu. Alizungumza kwa adabu kweli! Ameniita mama, shenzi yule."

Haukupita muda mrefu, polisi wakamkamata dereva wa bajaji aliyeitwa Janith, mkazi wa ng'ambo ya mto. Afande mmoja akaja mwenyewe kumweleza Shangazi.

"Mama, kutakuwa na gwaride la utambuzi mahakamani, mbele ya hakimu. Mpaka siku hiyo, usitazame picha yake, wala usisikilize maneno ya mtaani. Binti yako anasoma sheria, atakufafanulia."

Naam, binti alijua. Wiki hiyohiyo mhadhiri wao, Profesa Wijekoon, alikuwa amelifundisha somo hilo. "Ukimwonyesha shahidi sura kabla ya gwaride," alisema, "hatamtambua tena mtu aliyemwona njiani. Atatambua kile ulichomwonyesha." Alipowauliza maswali, Upeksha ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote.

Lakini kujua ni kitu kimoja, kutenda ni kingine. Jioni moja picha ya Janith iliingia kwenye simu ya Upeksha kupitia kundi la majirani, na Shangazi alikuwa pale mezani, hajagusa wali wake.

"Watanipangia vijana kibao, wote wanafanana," Shangazi alilalamika. "Nitamjuaje? Nikikosa, ndiyo basi, mkufu wa mume wangu nimeupoteza."

Upeksha alimwonea huruma. Tena, tuseme ukweli, alitaka pia kuonekana kwamba yeye ndiye mwenye uwezo wa kulimaliza jambo hili. Akamsogezea simu.

"Mtazame macho, Shangazi."

Shangazi alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda. "Huyu? Mbona yule uso wake ulikuwa mwembamba zaidi?"

"Ni helmeti hiyo. Helmeti hubana uso."

"Wee! Kweli?"

"Polisi hawakamati mtu bure, Shangazi."

Mwanafunzi wa sheria ya jinai ndiye aliyetamka maneno hayo, na hata hakuona haya. Kisha akaongeza mengine yaliyokuwa mabaya zaidi: "Na wakikuuliza kama umeiona picha yake, sema hujaiona."

Shangazi alivua miwani. "Niseme uongo mbele ya hakimu?"

"Ni utaratibu tu. Nani anasoma sheria hapa, mimi au wewe?"

Shangazi akairudisha miwani kwenye kasha lake. Alimwamini mtoto aliyemlea.

Siku ya gwaride, vijana wa umri mmoja na kimo kimoja walisimama mstari mmoja. Shangazi alipita mbele yao, akarudi, akasita, mwishowe akamgusa Janith begani. Hakimu, mwanamke mpole wa sauti, akamwuliza, "Umewahi kuonyeshwa mtu huyu, au picha yake?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mama, nitazame tena!" Janith alisema. "Mimi hata sikujui!"

Akarudishwa mahabusu. Nje ya lango, mama yake alikuwa amesimama na chakula alichokifunga kwa jani la mgomba, akimsihi kila askari aliyepita ampelekee mwanawe. Upeksha alimpita huku amejiinamia, akijidai anatafuta kitu mkobani.

Tangu siku hiyo, Shangazi hakuomba tena asomewe kitabu. Alikaanga chila zake kimya, na Upeksha akadhani kuwa ni majonzi ya mkufu.

Ikafika Poya, sikukuu ya mwezi mpevu. Walivaa nguo nyeupe, wakabeba maua ya yungiyungi, wakaenda hekaluni kama walivyozoea. Mtawa alianza kutamka zile ahadi tano za Wabuddha, na waumini wakawa wanazirudia nyuma yake. Kutoua. Kutochukua kisichokuwa chako. Kutozini. Shangazi alikuwa na sauti nene, na miaka yote Upeksha alikuwa akiifuata sauti hiyo ili asipotee. Mtawa alipotamka ahadi ya nne, ya kutosema uongo, sauti hiyo haikusikika.

Upeksha aligeuka. Shangazi alikuwa ameufumba mdomo, na machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye kola ya blauzi yake nyeupe. Ahadi ya tano alijiunga tena na wenzake.

"Kwa nini hukuisema?" Upeksha alimwuliza walipokuwa wakitafuta kandambili zao nje.

"Niseme mara ngapi uongo? Nilimdanganya hakimu, leo nije nimdanganye na Buddha?" Akavaa kandambili moja, akasimama nayo hivyohivyo. "Upeksha, nilipomgusa yule mtoto begani, alikuwa akitetemeka. Hata leo mkono huu unausikia mtetemeko ule."

Upeksha alihisi aibu ambayo hakuwahi kuihisi maishani. Mwanamke huyu hakuwahi kumpunja mteja hata chila moja, na yeye Upeksha ndiye aliyemfundisha kusema uongo, tena kwa majivuno ya elimu ambayo Shangazi mwenyewe aliilipia.

Kesho yake, kabla ya kipindi, alimfuata Profesa Wijekoon ofisini akamweleza yote bila kujipendelea. Profesa aliweka kalamu mezani.

"Unajua unaweza kufukuzwa chuo? Na uwakili ukakukimbia?"

"Najua, mwalimu."

"Umekuja nikuombee msamaha?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kuuliza tuanzie kwa nani, maana yule kijana bado yuko ndani."

Profesa akachukua mwavuli wake. "Twende wote," alisema.

Mahakamani, Upeksha alizungumza kwanza, kisha Shangazi. Hakimu aliwasikiliza hadi mwisho. Aliwakemea vikali, akawaambia kuwa wote wawili wangeweza kushtakiwa, na kwamba amewaachia kwa onyo kwa sababu tu wamekuja wenyewe. Kisha akaufuta utambuzi ule. Polisi hawakuwa na ushahidi mwingine, kwa hiyo Janith akaachiwa huru. Chuo nacho kilimwondoa Upeksha katika kituo cha msaada wa sheria, nafasi aliyokuwa ameiota tangu mwaka wa kwanza. Hakulalamika.

Walikwenda ng'ambo ya mto kuomba radhi, Shangazi akiwa amebeba chila za moto. Janith alisimama mlangoni, amekonda. Bajaji aliyokuwa akiikodi ilikwisha kupewa dereva mwingine.

"Nimekusikia, mama. Nawe nimekusikia, dada," alisema. Chila hakuzipokea. Akafunga mlango taratibu, na upole ule uliwaumiza kuliko matusi.

Poya iliyofuata, mtawa alipotamka ahadi ya nne, sauti nene ya Shangazi ilisikika hekalu zima. Ya Upeksha ndiyo iliyokatika katikati ya maneno. Shangazi akamshika mkono, na Upeksha akaimalizia ahadi polepole.

Wakati wa kurudi, walimwona Janith ng'ambo ya barabara, akisukuma toroli la nazi. Shangazi alisimama akamtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Shangazi," Upeksha aliuliza kwa woga, "ni yeye au si yeye?"

"Sijui, mwanangu. Kila nikifumba macho nimkumbuke yule wa pikipiki, naiona picha ya kwenye simu yako. Yule wa kwanza amefutika." Alipeleka mkono shingoni, pale palipokuwa na mkufu. "Kama alikuwa mwizi, tumemwachia. Kama hakuwa, tumemfunga bure. Na hatutajua kamwe ni lipi. Mwizi alichukua mkufu. Sura niliyokuwa nayo kichwani uliichukua wewe."

Upeksha aliangua kilio palepale barabarani. Shangazi alimwacha alie, kisha akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cheupe.

"Utakuwa wakili, ukijaliwa. Siku hiyo atakuja mama kama mimi, ana hofu, hana uhakika. Usimsaidie kuona. Mwache aseme alichokiona yeye, hata kikiwa kidogo, na kama hajui, aseme hajui. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, tembea. Kesho alfajiri uje na kitabu chako jikoni. Lile somo la gwaride nataka unisomee lote, tangu mwanzo."