Kiti cha Nyuma cha Kapteni

Haya, cheka. Cheka mpaka magego yapigwe upepo. Ukimaliza funga mdomo usikilize, maana ninyi wa siku hizi mnaamini kila upuuzi unaoletwa na simu, lakini mtu mzima akikuelezeni jambo mnaguna. Mnamwona yule mshonaji anavyolifunga jicho lake la kushoto kwa kitambaa kila jua likikaribia kuzama. Mnasema mtoto wa jicho. Mnasema uzee. Mmoja wenu, simtaji, anajijua kwa upana wa mdomo wake, alisema eti bibi anamkonyeza fundi viatu. Sawa. Kaa chini nikwambie.

Mshonaji huyo alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa tumbo moja. Watu walimwita Kapteni, na walimwita hivyo kwa kejeli, maana hakuwahi kupanda ndege maishani. Alikuwa mchora mabango, tena mabango ya chini, kwa sababu akipanda ngazi magoti yalimcheza. Mabango ya kuchapwa kwa mashine yalipomnyang'anya kazi, alijifungia kwenye chumba cha kupanga na kompyuta yake, akawa anazipaka rangi ndege za mchezo wa humo ndani. Si ndege za abiria. Ndege za kivita za jeshi la majini, za zamani, zile zinazokunja mabawa, zinazoruka kutoka juu ya meli na kurudi kunasa waya kwa ndoano ya mkiani. Akishapaka anavaa hedifoni, anashika usukani wake wa plastiki, anairusha juu ya bahari ya kwenye kioo mpaka anasahau kula.

"Njoo uone, Dada," alikuwa akibembeleza. "Njoo siku moja tu."

Siku hiyo ikafika. Akaenda, akasimama nyuma ya kiti chake, na humo ndani akaona kitu anachokijua. Kumbe ndege hupakwa rangi ikiwa imebanduliwa na kulazwa bapa, bawa huku, tumbo kule, mkia pembeni, kama gauni lililokatwa likingoja cherehani.

"Hii naielewa," alisema. "Ila fundi wako anaharibu kitambaa, pembeni kote ameacha patupu."

Kapteni alicheka mpaka akakohoa. Akamwonyesha ndege ikiwa imeshonwa, nzima, ya kijivu, na viti viwili chini ya kioo. Cha mbele alikikalia Kapteni mwenyewe, kajichora na kofia ya rubani. Cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Sina wa kumweka," alisema. "Na sisi wachoraji tuna adabu yetu, Dada. Mtu hachorwi kabla hajasema ndiyo."

"Basi niweke mimi, uache kunililia njoo, njoo."

Alilisema kwa kero, huku akitafuta viatu vyake mlangoni. Kapteni hakucheka tena.

"Asante, Dada," alisema. Taratibu. Kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

Haukupita muda, wakamkuta kwenye kiti kilekile, hedifoni masikioni, mkono juu ya usukani, baridi. Daktari alisema moyo. Wakazika. Waliokuja hawakujaza hata mkeka.

Sasa jioni moja mshonaji akaenda kuchukua nguo za marehemu, ili chumba kirudishwe kwa mwenyewe. Jua lilikuwa linakwenda zake. Mwenye nyumba alimpa ufunguo akiwa amesimama mbali, kama anamlisha mbwa asiyemjua.

"Huingii nami?" mshonaji akamuuliza.

"Mama, mimi nina presha. Ila hiyo mashine uizime mwenyewe. Mimi imenishinda."

"Mwanaume mzima unashindwa na swichi?"

"Swichi ningeiweza," alisema, akaenda zake.

Akafungua.

Kilichompokea ni harufu. Rangi mbichi ya mafuta. Na mafuta ya taa. Na chini yake unyevu wa chumvi, kama nguo iliyoanikwa ikagoma kukauka. Chumba kilikuwa kama kilivyoachwa: kitanda kimoja, kikombe kimoja, shati moja nyuma ya mlango. Kimoja kimoja hicho kilimchoma kuliko msiba wenyewe. Hata kwake ni hivyohivyo, kikombe kimoja na cherehani.

Mashine ilikuwa inanguruma. Kioo kilikuwa kinawaka.

Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe kutoka kwa mmoja wa wenzake Kapteni wa kuruka naye mtandaoni, watu wasioonana uso kwa uso. Aliusoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kapteni, jana jioni umeruka vizuri. Ila mwenzio wa kiti cha nyuma, mbona hana macho?"

Jana... Na Kapteni alikuwa chini ya udongo tangu mwezi uliopita.

Nyuma ya ujumbe ilikuwa imelazwa ile ndege iliyobanduliwa. Bawa. Tumbo. Mkia. Na pembeni, palipokuwa patupu siku ile, kulikuwa na vipande vipya. Mtu mwingine angesema ni vyuma tu vya ndege. Mshonaji hadanganywi kwa vipande. Kile ni mgongo. Ile ni mikono miwili. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, kama linavyoshuka bega la mtu aliyeinamia cherehani ujana wake wote. Dole gumba la kushoto lilikuwa na kovu la sindano.

Akalitazama dole gumba lake.

Lilelile.

Na juu kabisa, uso. Umebanduliwa, umetandazwa kama ngozi ya kuwambwa ngoma. Mikunjo yake yote ilikuwamo. Palipostahili macho palikuwa peupe.

"Mwenyezi Mungu," alinong'ona.

Hakulia, yule si wa kulia. Alishika kipanya, akachukua kile kifutio cha kwenye kioo, alichoonyeshwa na marehemu siku ile, akafuta dole gumba. Papo hapo dole gumba lake likaingia ganzi, zito, kama la mtu mwingine. Akaliuma. Hakusikia kitu. Akaacha kufuta. Akainama kuchomoa waya wa umeme ukutani.

Waya ulikuwa umelala sakafuni. Ulikwishachomolewa zamani.

Hedifoni zilikuwa mezani. Zikakwaruza.

Krrr... krrr...

"Dada."

Alishika ukingo wa meza.

"Dada, umekuja."

"Nimefuata nguo zako," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe umekufa, mdogo wangu. Lala."

"Huku hakuna kulala. Ni bahari tu... Meli naiona, taa naziona. Nikishuka, waya unanikwepa. Nazunguka tu, Dada. Peke yangu."

"Ndiyo unichore mimi?"

"Ulisema ndiyo."

Injini ilisikika kwa mbali, ikija, ikipita, ikirudi.

"Na kwako," ile sauti ikanong'ona, "nani anakungoja?"

Hapo ndipo alipokaribia kupotea, usifikiri ni kwingine. Maana alikikumbuka kile kikombe kimoja cha nyumbani kwake. Akajikuta ameanza kukivuta kiti. Juu ya kioo kulikuwa na kamera ndogo, na taa yake, iliyokuwa imezima, ikawaka. Nyekundu. Akaona vipande vyake vyote kwenye kioo vikitetemeka, vikisogeleana, kama vitambaa vinavyosogea chini ya sindano.

"Tazama hapa tu, Dada. Yamebaki macho."

Akayafumba.

"Ninangojwa na gauni la watu," alisema. "Halijatiwa pindo."

"Dada..."

"Nilikutania. Hukuwahi kujua utani, tangu mdogo."

Akalivuta shuka la kitandani, akajitanda nalo usoni, akaanza kupapasa ukuta. Kitanda. Shati. Nyuma yake injini iliongeza kelele mpaka meza ikatikisika, na ndani ya kelele hiyo mtu alikuwa analia kama alivyolia alipokuwa mtoto, akiachwa nyumbani wenzake wakienda dukani. Mlango akaupata. Kitasa akakikosa. Akapapasa juu, akapapasa chini. Dole gumba lenye ganzi halikumsaidia kitu. Shuka likateleza begani.

Alifumbua jicho moja tu, la kushoto, akitafute kitasa.

Mlangoni, kwenye rangi iliyong'aa, ile taa nyekundu ya kamera iliyoakisiwa ilikuwa inamtazama.

Kelele zikakatika.

"Hilo moja," ile sauti ikanong'ona, kwa upole kabisa. "Bado moja."

Akatoka. Akaufunga mlango. Na tangu siku hiyo, kila jua likikaribia kuzama, jicho hilo la kushoto huiona bahari, kutoka kiti cha nyuma.